Shajara ya IST inayomisi alfajiri: okteni, baridi ya Dodoma, na ufa nisiouona

Gari ni Toyota IST ya 2003, injini 1NZ-FE ya lita 1.5, silinda nne, kila plagi na koili yake (kifaa kinachoipa umeme wa cheche). Dashibodi inasoma kilomita 187,000 na ushee. Linalala nje, Nkuhungu, na siku za kazi linakwenda Mtumba na kurudi. Naongeza maandishi kila hatua inapokwisha, pamoja na gharama, ili mwenye gari la aina hii asirudie makosa yangu kwa fedha yake.

Jumatatu, 9 Juni 2025: tatizo lenyewe

Tangu upepo wa kipupwe uanze kuvuma, gari linawaka kwa ufunguo wa kwanza, halafu linaanza: pu, pu-pu, pu. Usukani unatetemeka, kioo cha pembeni kinacheza, na taa ya injini inawaka na kuzima. Nikikanyaga mafuta kidogo linatulia, nikiachia linarudi kumisi, yaani silinda inakosa kuunguza mafuta yake. Dakika tatu au nne baadaye limepona kabisa, na mchana halina neno hata nikiliwasha mara kumi.

Hiyo taa inayopepesa ndiyo iliyonitia hofu. Ikiwaka tu moja kwa moja unaweza kujipa siku mbili tatu. Ikipepesa, maana yake petroli isiyoungua inapita silindani hadi kwenye ekzosi na kwenda kuungulia ndani ya katalisti, kifaa cha kusafisha moshi, na katalisti hairudi ikishaungua. Kwa hiyo sikutaka kuishi na jambo hili mpaka Septemba joto lirudi.

Nimeuliza watu wanne. Watatu wamesema ni mafuta: “Okteni ndogo hiyo dada, na baridi hii, petroli haishiki moto.” Wa nne amesema nichomoe betri nusu saa, kompyuta ya gari ipumzike.

Jumamosi, 14 Juni: mambo matatu kwa siku moja

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nitaeleza kirefu.

Nimetoa plagi zote nne. Nafasi ya cheche nimeipima kwa fila geji (shilingi 7,000): moja ilikuwa milimita 1.3, mbili 1.4, moja 1.3 na kidogo. Kwa injini hii inatakiwa 1.1. Nafasi ikipanuka koili inalazimika kutoa umeme mkali zaidi kurusha cheche, na hilo peke yake linaweza kuleta misi. Nimenunua mpya nne, 9,000 kila moja, jumla 36,000. Moja iliniponyoka ikaanguka kwenye sakafu, na nilipoipima ilikuwa imebonyea hadi 0.8. Nisingepima ningeifunga hivyohivyo. Plagi mpya nayo hupimwa kabla ya kufungwa, hata kama imetoka kwenye boksi sasa hivi.

Kama ningeishia hapo ningekuwa nimefanya kazi safi. Lakini mkono ulikuwa umeshachangamka. Nikamimina chupa ya dawa ya kupandisha okteni kwenye tenki (22,000), halafu nikachomoa betri kwa nusu saa. Vitu vitatu siku moja. Gari likipona sitajua kilichoponya, likizidi sitajua kilichozidisha.

Jumapili nililiwasha saa 3 asubuhi, jua limeshapanda, likatulia kama maji ya mtungini. Nikafurahi. Sokoni Majengo nikanunua kipimajoto cha friji (6,000), nikakifunga kwa uzi kwenye kioo cha pembeni ili niwe naandika nyuzijoto kila alfajiri.

Jumanne, 17 Juni: betri

Jana na leo gari limemisi vibaya kuliko wiki iliyopita. Jana lilizima mara mbili. Nyuzi 13 zote mbili.

Nimekuja kuelewa sababu. Kompyuta ya injini hujifunza. Ikiona kwa siku nyingi kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli, huongeza petroli kidogo na kuiweka nyongeza hiyo kwenye kumbukumbu, ili kesho ianzie hapo. Ukichomoa betri unafuta yote. Gari langu lilikuwa na kasoro, kompyuta ilikuwa imejifunza kuifidia, mimi nikaifuta fidia na kuiacha kasoro. Anayekwambia uchomoe betri anakupa njia ya kuzima taa, na taa ikizimika hata ushahidi aliotaka kuusoma fundi umeondoka nao.

Jumatatu, 23 Juni: nilivyodanganywa na mawingu

Jumatano hadi Ijumaa iliyopita, asubuhi tatu mfululizo, gari halikumisi hata kidogo. Nikaamini ni chupa. Nikasema hivyo kazini kwa sauti, na mwenzangu mmoja akaenda kununua ya kwake. Jumamosi nikanunua ya pili (22,000) na kujaza tenki.

Leo alfajiri, tenki likiwa na dawa mara mbili ya kipimo cha kawaida, nyuzi 12, gari limemisi dakika nne.

Nimekaa na daftari. Namba nilikuwa nazo tangu Jumatatu ya wiki jana, ila sikuwa nazisoma. Siku zile tatu njema kulikuwa na mawingu usiku kucha, na kipimajoto kilisoma 16, 17 na 16. Siku mbaya zote ni 13 kushuka. Mafuta hayakubadilika kati ya siku njema na siku mbaya. Kilichobadilika ni usiku.

Nimemrudia mwenzangu nikamwambia nilimpotosha. Chupa yake alikuwa hajaifungua, ameirudisha dukani.

Jumapili, 29 Juni: okteni ni nini hasa, na jaribio la kuifunga hoja

Wiki hii nimeendesha kwa petroli tupu ya sheli ileile, bila dawa. Matokeo ni yaleyale: nyuzi 12 na 13 linamisi, 15 linakohoa nusu dakika, 16 kwenda juu halina kitu. Alhamisi niliacha kuliwasha alfajiri, nikasubiri hadi saa 4, nyuzi 21, injini ikiwa haijaguswa tangu usiku. Halikumisi. Mafuta yaleyale, injini baridi ileile, ila hewa na vyuma vimeota jua.

Imenibidi nisome vizuri maana ya okteni, kwa sababu neno hili linatumika gereji kama vile ni nguvu ya mafuta. Siyo. Okteni ni uwezo wa petroli kustahimili kubanwa na kupashwa joto bila kulipuka yenyewe kabla moto wa cheche haujaifikia. Ikiwa ndogo kuliko injini inavyotaka, utasikia injini ikigonga, kama kokoto kwenye kopo, na mara nyingi utaisikia ukiwa umepakia watu, mchana wa Oktoba, unapandisha mlima kuelekea UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa gia kubwa. Ni ugonjwa wa joto na mzigo. Injini baridi iliyosimama uani, haijapakia hata mfuko wa sembe, ndiyo inayohitaji okteni ndogo kabisa. Na mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, silinda inabana hewa pungufu, kwa hiyo mahitaji ya okteni yanapungua tena.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni namba. Mlango wa tenki la gari langu una maandishi ya Kijapani yanayosema petroli ya kawaida isiyo na madini ya risasi. Kwa kiwango cha Japani petroli ya kawaida ni okteni 89 kwenda juu, na ya daraja la juu ni 96. Marekani wao hupima kwa njia mbili na kuchukua wastani, ndiyo maana 87 ya kwao ni karibu sawa na 91 au 92 kwa kipimo tunachotumia sisi. Ukitazama video ya Mmarekani akisema anaweka 91, usidhani ni ile 91 unayoifikiria.

Kinachohusika na baridi ni tabia nyingine ya petroli, nayo ni wepesi wa kugeuka mvuke. Petroli ikiwa bado kimiminika haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Asubuhi ya baridi sehemu kubwa hubaki matone kwenye kuta za njia ya hewa, kwa hiyo kompyuta husoma joto la maji ya injini na kumwaga petroli zaidi hadi ipate moto. Sasa, mafuta ya taa yakichanganywa humo, yanashusha okteni na yanazuia mvuke kwa mpigo mmoja. Nadhani hapo ndipo mafundi wetu walipojifunzia. Wazee wa kazi wanaikumbuka miaka ya uchakachuaji, kabla EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haijaanza kuweka vinasaba (alama za kuyatambua) kwenye mafuta mwaka 2010. Gari likila petroli iliyochakachuliwa lilikuwa linagonga mchana na kusumbua asubuhi. Waliona mambo mawili pamoja wakayapa jina moja, okteni. Hawakuona vibaya.

Kwa hiyo nimeipima petroli yangu pia: tone moja kwenye karatasi nyeupe, kivulini, mbali na moto. Limekauka bila kuacha duara la mafuta. Kipimo hiki ni cha nyumbani, hakithibitishi ubora, ila mafuta ya taa mengi yangeacha alama. Tone la mafuta ya taa niliyotia kando yake bado linaonekana hadi usiku huu.

Mafuta nimeyaweka kando.

Jumatano, 2 Julai: kusoma kompyuta, kubadilishana koili

Kifaa cha kusomea nimenunua kwa 30,000, kile kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu kwa bluetooth. Kwa jioni mbili kiligoma kabisa. IST zetu zilitengenezwa kwa soko la Japani, na za miaka hiyo haziongei lugha ileile na gari zilizouzwa Ulaya. Nilipobadilisha mpangilio wa programu na kuchagua Toyota ya Japani, kikaunganika. Kabla ya hapo nilishamlipa fundi mmoja 15,000 anipimie kwa mashine yake. Alichosoma ni hichohicho nilichokuja kukisoma mwenyewe, kodi mbili za hitilafu: P0303 na P0171. Ya kwanza ni misi kwenye silinda ya tatu. Ya pili ni hewa nyingi, petroli kidogo.

Fundi alitaka nibadilishe koili ya tatu, 45,000 ya kutumika. Nikamwomba anipe siku mbili. Koili za injini hii zote ni sawa, na kila moja inashikwa na bolti moja tu ya namba 10, kwa hiyo nimeipeleka ya tatu kwenye silinda ya kwanza na ya kwanza kwenye ya tatu. Kama koili ni mbovu, kesho kodi itasoma P0301.

Kesho yake ilisoma P0303. Koili nzima. Asubuhi iliyofuata nikabadilishana plagi kwa mtindo huohuo, safari hii kitu kimoja kwa siku moja. P0303 tena. Tatizo limekaa silinda ya tatu na halihami na kitu chochote cha umeme.

Kisha nikatazama namba ambayo sikuwahi kusikia fundi akiitaja: asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili kurekebisha mchanganyiko. Gari lisilo na kasoro huwa karibu na sifuri. Langu, baada ya dakika mbili za kuwaka likiwa silensa (linanguruma bila kukanyagwa mafuta), lilisoma +24. Nikakanyaga hadi mizunguko 2,500, ikashuka hadi +5. Injini ilipopata moto, silensa ikawa +8.

Namba hizi tatu ndizo zilizonionyesha njia. Kama pampu ya mafuta au filta ingekuwa imechoka, upungufu ungezidi nikikanyaga, kwa kuwa ndipo mafuta mengi yanapotakiwa. Hapa ni kinyume: upungufu ni mkubwa injini inapovuta hewa kidogo. Maana yake kuna hewa ya wizi inayoingia baada ya sensa ya hewa, kiasi kisichozidi nikikanyaga. Silensa, ambapo injini inavuta hewa kidogo, hiyo ya wizi ni sehemu kubwa. Ukikanyaga inamezwa. Na ikiwa inaingia karibu na mlango wa silinda ya tatu, itaitesa ya tatu kuliko nyingine.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba: ufa

Sikukuu, kwa hiyo nilikuwa na asubuhi nzima. Saa 12 kasorobo, nyuzi 12. Mdogo wangu ameshika ufunguo, mimi nina tochi na chupa ya kunyunyizia maji, ile ya kupigia pasi.

Mafundi wengi hutafuta hewa ya wizi kwa kupuliza petroli au dawa ya kabureta. Inafanya kazi, lakini kuna ekzosi inayopata moto na cheche karibu. Maji yanatosha. Injini lazima iwe baridi, nami ninajua jambo hili kwa sababu Jumapili nilijaribu mchana na sikuona kitu.

Nimenyunyiza mipira midogo ya hewa, hakuna. Shingo ya throtoli, hakuna. Nikafuata mstari ambapo manifoldi ya hewa, ile ya plastiki inayogawia silinda hewa, inakutana na kichwa cha injini. Silinda ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu, upande wa chini, maji yalinyonywa kwa mlio wa fyuu, na injini ikatulia. Sekunde mbili, labda tatu, kisha pu-pu. Nikanyunyiza tena, ikatulia tena. Mdogo wangu alidhani nimekanyaga mafuta kwa namna fulani.

Basi ndiyo hiyo. Gasketi ya mpira inayoziba kiungo hicho imezeeka na kukauka. Usiku plastiki na mpira vinasinyaa na kuacha upenyo. Injini ikipata moto vinatanuka na upenyo unafunga. Nyuzi 12 wenzetu wa Ulaya wataiita siku njema, lakini mpira wa zaidi ya miaka ishirini unahisi tofauti kati ya 12 na 16.

Fundi wa Kizota amekuja mchana. Amesema gasketi haipatikani leo, akashauri tupake silikoni. Nilikubali, nilichoka kusubiri. Silikoni 8,000, ufundi 25,000.

Jumamosi, 12 Julai: kuirudia kazi

Silikoni ilidumu asubuhi tatu. Ijumaa, nyuzi 12, misi imerudi.

Tumefungua tena. Silikoni haikushika kwenye mpira wenye ukungu wa oili, ikabanduka vipande, na kipande kimoja cha ukubwa wa punje ya mahindi kilikuwa kwenye mdomo wa silinda ya pili kikingojea kuvutwa ndani. Kwa injini za aina hii gasketi inakaa kwenye mfereji wake na hufungwa kavu. Usikubali silikoni hapo, hata fundi awe mzuri kiasi gani. Fundi mwenyewe alisikitika, akanitoza 20,000 tu.

Gasketi halisi nimeipata kwa 24,000. Ya zamani nilipoikunja ilikatika kama ndoo iliyoanikwa juani miaka mingi. Mpya unaweza kuikunja hadi kidole kiguse kidole. Tumesafisha nyuso zote mbili kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, tumekaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa zamu, kidogokidogo, kwa sababu plastiki ukiikaza upande mmoja kwanza inapinda. Kodi tumezifuta kwa kifaa baada ya kazi, na hapo kufuta kumbukumbu kuna maana: fidia ya zamani haihitajiki tena.

Gharama zote hadi leo ni 215,000. Iliyotibu misi ni gasketi na ufundi wa mara moja, 49,000. Plagi za 36,000 sizijutii, zilikuwa zimefika mwisho wake. Chupa mbili za okteni ni 44,000.

Jumapili, 20 Julai

Jumanne ilikuwa alfajiri ya baridi kuliko zote katika daftari hili, nyuzi 11, na upepo wa kukata masikio. Gari limewaka na kukaa. Silensa ya baridi inasoma +2, ya moto +1. Taa haijawaka. Unywaji wa mafuta bado sijaupima vizuri, nisiseme.

Ijumaa, 8 Agosti, Nanenane

Jirani ana Vitz yenye injini hii hii, nayo inamisi asubuhi. Aliponiona natoka kwenda Nzuguni kwenye maonesho aliniita, na mkononi alikuwa ameshika chupa ya okteni aliyoinunua jana. Nikamwomba asiimimine kwanza. Kesho yake saa 12 tulinyunyiza maji mstari mzima wa manifoldi, hakuna kilichobadilika, na marekebisho yake yalisoma +3. Kwake si hewa. Tukatoa plagi: nafasi 1.6, na ya nne ina ufa kwenye kauri unaoonekana kwa macho. Zimebadilishwa nne, 36,000, duka lilelile. Leo Jumapili ninapomalizia maandishi haya, nyuzi 13, Vitz imewaka bila kutikisika.